Vi, Vim na Yatima wa Rakai: Historia ya Leseni Moja

Historia ya vihariri matini vya kompyuta kwa kawaida husimuliwa kama historia ya ustadi: nani alibuni amri ipi, mwaka gani, kwenye mashine gani. Vi, kihariri kilichotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1970, kimesimuliwa hivyo mara nyingi, na kwa maoni yangu masimulizi hayo yanaruka jambo kubwa kuliko yote. Amri za vi zimedumu mpaka leo kwa sababu watu waliozuiwa kuinakili programu hiyo waliiandika upya, na mmoja wao akatia katika leseni yake ombi la kuwasaidia yatima wa wilaya moja ya Uganda. Msomaji wa Kakontwe, pale Likasi nchini Kongo, ana sababu yake ya kulifuatilia jambo hili. Mtaa wake uko kwenye chokaa ambayo wanajiolojia wa nchi nyingi wanaitaja kwa jina la Kakontwe, na tangu kampuni ya madini ya Union Minière ilipoundwa mwaka 1906 watu wa Katanga wamejifunza kwamba kuishi juu ya mali ni jambo moja na kuruhusiwa kuigusa ni jambo jingine. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 iliirudisha ardhi mikononi mwa serikali, ile ya madini ya Julai 2002 ikapanga vibali upya, na chini ya zote mbili mwenye nyumba hana haki ya madini yaliyo chini ya sakafu yake. Mwenye kibali ndiye mwenye kauli. Katika programu za kompyuta kibali hicho huitwa leseni, na nguvu yake hailingani na urefu wa karatasi iliyoandikwa.

Turudi kwanza kwenye mashine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliyetaka kuandika katika mfumo wa Unix, uliozaliwa kwenye maabara ya Bell huko Marekani, alitumia ed, kihariri cha Ken Thompson. Ed ilitungwa kwa ajili ya mashine zinazochapa kwenye karatasi: unataja mstari, unatoa amri, mstari unabadilika, nawe huoni kitu mpaka uombe kuonyeshwa. Kwa karatasi inayosogea mbele tu, utaratibu huo ulikuwa wa busara. Skrini zilipoingia ukageuka kero, maana mwandishi aliendelea kufanya kazi gizani ilhali mbele yake pana kioo kinachoweza kumwonyesha ukurasa mzima. Katika Queen Mary College, London, George Coulouris aliichukua ed akaifanyia marekebisho, akapata kihariri alichokiita em, kilichomwonyesha mtu mstari wake papo hapo anapoubadilisha. Mwaka 1976, wakati wa kiangazi cha kwao, alikwenda Berkeley akiwa na em kwenye utepe wa sumaku, na mwanafunzi mmoja wa pale, Bill Joy, akaiona. Joy na mwenzake Chuck Haley waliipanua hadi ikazaa ex, iliyotoka Machi 1978 katika mkusanyo wa kwanza wa programu za Berkeley, maarufu kwa herufi BSD. Ndani ya ex mlikuwa na hali ya kuonyesha ukurasa mzima. Mei 1979, katika mkusanyo wa pili, hali hiyo ilipewa jina lake yenyewe, vi. Ukoo huu wa ed, em, ex na vi unafaa kukumbukwa kwa mpangilio wake, kwa sababu ndio uliokuja kuifunga vi kwa zaidi ya miaka ishirini.

Sifa za vi zilizaliwa na uhaba, na hapa inafaa kukaa kidogo. Joy alifanyia kazi kwenye terminali ya ADM-3A, iliyotengenezwa na kampuni ya Lear Siegler, akiunganishwa na kompyuta ya chuo kwa laini ya simu na modemu ya kasi ya biti 300 kwa sekunde. Kasi hiyo hupitisha herufi 30 hivi kwa sekunde. Skrini yenye mistari 24 ya herufi 80 ina nafasi 1,920, kwa hiyo kuijaza yote kulichukua zaidi ya dakika moja. Anayeijua hesabu hiyo haoni tena ukaidi katika amri za vi. Kila herufi iliyopita kwenye laini ilikuwa na gharama, basi amri zikawa za herufi moja moja: d ni kufuta, w ni neno, dw hufuta neno, 3dw hufuta matatu, na d ikifuatwa na alama ya dola hufuta mpaka mwisho wa mstari. Nukta hurudia tendo la mwisho. Ajuaye matendo matano na miendo kumi ana michanganyiko hamsini, wala hakuna aliyemfundisha mmoja mmoja. Ili herufi za kawaida ziweze kuwa amri, ilibidi programu iwe na hali mbili, ya kuandika na ya kuamuru, na kitufe cha Esc cha kumtoa mtu katika ile ya kwanza. Kwenye ADM-3A Esc ilikaa pale ambapo kibodi za leo zina Tab, jirani kabisa na kidole cha mwisho, na mishale minne ilichorwa juu ya h, j, k na l. Ndiyo maana mpaka leo herufi hizo husogeza kielekezi kushoto, chini, juu na kulia. Hata ukubwa wa dirisha ulifuata laini: kwa kasi ndogo vi ilionyesha mistari 8 tu, kwa kasi ya 1200 mistari 16, na skrini nzima pale laini iliporuhusu. Sijaona programu nyingine ya zama hizo iliyoheshimu umaskini wa vifaa vya mtumiaji wake kwa kiasi hiki.

Sasa kibali chenyewe. AT&T, iliyoshirikiana na kampuni yake tanzu kumiliki maabara ya Bell, ilikuwa imebanwa na makubaliano ya mahakama ya mwaka 1956 isifanye biashara nje ya shughuli za mawasiliano. Unix kwa hiyo haikuweza kuuzwa kama bidhaa ya kawaida. Vyuo vikuu vilipewa msimbo chanzo wake kwa ada ndogo, pamoja na leseni iliyokataza kuupeleka kwa yeyote asiye na leseni kama hiyo. Berkeley ilikuwa nayo, na kila aliyeomba mikusanyo ya Berkeley alitakiwa naye awe nayo. Vi ilikuwa na mistari ya ed ndani yake, hivyo iliingia kwenye zuio hilo ingawa sehemu kubwa ya kinachoonekana kwenye skrini ilikuwa kazi ya watu ambao AT&T haikuwalipa mshahara. Mwaka 1983 kampuni iliichukua vi na kuiingiza katika toleo lake la biashara, System V. Januari 1984 AT&T ikagawanywa, kizuizi cha 1956 kikaondoka, na Unix ikauzwa waziwazi. Aliyenunua mashine kubwa ya Unix alipata vi bila shida. Mwanafunzi mwenye kompyuta ndogo ya nyumbani hakuwa na njia halali ya kuipata. Mwaka 1992 viwango vya POSIX viliandika rasmi jinsi vi inavyopaswa kufanya kazi, na bado msimbo wa vi yenyewe haukuweza kugawiwa kwa watu wote. Mlango ulifunguka Januari 2002, kampuni ya Caldera, iliyokuwa imerithi haki hizo, ilipoachia matoleo ya kale ya Unix kwa leseni huru. Tangu safari ya Coulouris ilikuwa imepita robo karne.

Kihariri kingine kikubwa cha zama hizo, Emacs, kinathibitisha jambo hilohilo kutoka upande mwingine. Kilianza MIT mwaka 1976, Richard Stallman akiwa mhusika mkuu, na desturi ya pale ilikuwa kwamba anayekiboresha arudishe maboresho yake kwa wote. James Gosling alipoandika Emacs yake ya Unix mwaka 1981 alianza kwa kuigawa, kisha haki zikauzwa kwa kampuni ya UniPress. Stallman, aliyekuwa ametumia sehemu ya msimbo wa Gosling katika Emacs yake mpya, GNU Emacs, alilazimika kuiondoa na kuandika upya sehemu hiyo. Kutokana na mgogoro huo alitunga masharti yaliyokuja kuwa leseni ya GPL mwaka 1989. Kwa hiyo mojawapo ya leseni zilizoenea kuliko zote duniani ina asili yake katika ugomvi wa kihariri matini.

Upande wa vi hakukuwa na ilani wala mwenge. Kulikuwa na watu waliozoea vidole vyao viende h, j, k, l na ambao kompyuta zao hazikuwa na vi. Mwaka 1987 Tim Thompson aliandika Stevie kwa ajili ya Atari ST. Mwaka 1990 Steve Kirkendall alitoa elvis. Berkeley kwenyewe, walipokuwa wakisafisha mkusanyo wao ili usibaki na mstari wa AT&T, Keith Bostic aliandika nvi akianzia kwenye elvis, akiilenga ifanane na vi ya zamani hata katika vituko vyake. Chuo kilichoizaa vi kililazimika kuiandika upya vi, na hilo kwangu ni ushahidi mzito kuliko hoja yoyote ya kinadharia. Joy alikwisha kuondoka mwaka 1982 kwenda kuanzisha Sun Microsystems pamoja na wenzake. Alisimulia baadaye kwamba alikuwa ameanza kuipa vi uwezo wa kugawa skrini katika madirisha kadhaa, diski ikaharibika, nakala ya akiba haikuwapo, naye akaiacha kazi hiyo. Uwezo huo uliwafikia watumiaji wengi kupitia Vim 3.0, Agosti 1994, kutoka kwa mtu mwingine, kwa msimbo mwingine, chini ya leseni nyingine.

Mtu huyo ni Bram Moolenaar, mhandisi wa Uholanzi aliyezaliwa mwaka 1961. Alinunua kompyuta ya Amiga, akakosa vi, akaanza mwaka 1988 kuirekebisha Stevie kwa matumizi yake. Toleo lake la kwanza kwa umma, Vim 1.14, lilitoka Novemba 1991. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, mji mdogo wa Wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania. Kibaale hii isichanganywe na wilaya ya jina hilohilo iliyo magharibi ya nchi. Rakai ndiko ulikotambuliwa kwa mara ya kwanza Uganda, mwaka 1982, katika mwalo wa Kasensero kwenye Ziwa Viktoria, ugonjwa ambao watu waliuita Slim na dunia ikaja kuuita UKIMWI. Wazazi walikufa wakiwa vijana na watoto wakabaki mikononi mwa mabibi. Kituo kiliwapa watoto shule, chakula na matibabu, na Moolenaar alifanya kazi ya maji na usafi: walifyatua slabu za saruji za vyoo na kuziuza kwa bei iliyo chini ya gharama ili kila kaya iweze kununua. Aliporudi Uholanzi alianzisha shirika la ICCF Holland la kuchangia kituo hicho, akaiandika Uganda ndani ya Vim. Anayefungua programu hiyo bila kutaja faili hukutana na maandishi machache katikati ya skrini, na mojawapo humwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Leseni inasema kila mtu anaweza kuitumia na kuinakili Vim apendavyo, na anayeipenda anaombwa atoe mchango. Anayeibadilisha na kuigawa aiweke kazi yake mahali ambapo msimamizi wa Vim anaweza kuipata, au aitoe kwa masharti ya GPL. Hakuna bei, hakuna tarehe ya mwisho, hakuna kitakachofungwa kwa asiyetoa.

Pingamizi la kwanza ni dhahiri, nami nalipa uzito. Watasema Vim ilishinda kwa sifa zake. Vi ya Joy iliweza kutengua badiliko moja tu la mwisho. Vim iliweza kutengua mengi. Vim 5.0 ya mwaka 1998 ilipaka rangi maneno ya lugha za programu, Vim 6.0 ya 2001 ikaleta kukunja maandishi na kuandika kwa lugha nyingi. Yote ni kweli. Lakini sifa hizo zilitoka wapi? Zilitumwa na mamia ya watu kutoka nchi nyingi, na mtu hutuma kazi yake ya bure pale anapojua kwamba haitafungiwa kesho katika ghala la kampuni. Elvis na nvi zilikuwa na leseni huru vilevile na hazikufika mbali hivyo, kwa hiyo sisemi leseni inatosha peke yake. Nasema inakuja kwanza: vi yenyewe ilikuwa na mbunifu hodari kuliko wote, ikakaa palepale, kwa sababu hodari huyo alipoondoka hakuna aliyeruhusiwa kuichukua na kuiendeleza hadharani.

Pingamizi la pili linauma zaidi, na Mwafrika ana haki ya kulitoa. Kwa nini jina la Uganda liwe kwenye mamilioni ya skrini kama jina la umaskini? Mtaalamu wa Tokyo au Toronto ambaye hajui mto wala mji wa Uganda anajua kwamba huko kuna watoto wa kuhurumiwa. Hoja hii haiondoshwi kwa kuusifu moyo wa mtoaji, na ningependa sana sentensi ile ingekuwa imeandikwa kwa namna nyingine. Hata hivyo tupime kilichomo nyuma yake. Moolenaar hakuizungumzia Afrika kwa jumla; alitaja kituo kimoja, katika mji mmoja, akaeleza kinafanya nini na hali ya wilaya ikoje, na maelezo hayo yamo ndani ya programu yenyewe kwa yeyote anayetaka kuyasoma. Wala mtu wa Rakai hakugeuzwa mpokeaji tu, maana leseni ileile inampa haki sawa kabisa na ya mtu wa Amsterdam: kuitumia, kuifungua, kuibadilisha, kuigawa. Linganisha na karatasi za AT&T, ambazo hazikutaja maskini yeyote na ziliwafungia nje maskini wote. Heshima ya mtu hupimwa pia kwa kile anachoruhusiwa kufanya, na kwa kipimo hicho leseni ya Vim imemheshimu Mganda kuliko leseni nyingi zilizonyamaza.

Bado kuna anayeuliza kama haya yote yanamfaa mtu wa Kakontwe, ambaye umeme humkatikia, ambaye kibodi yake ni ya AZERTY na ambaye huandika Kiswahili na Kifaransa. Swali hili lajibiwa na vitu vidogo. Umeme ukikatika, Vim haipotezi ukurasa: huandika faili la akiba kila baada ya herufi 200, au mwandishi akitulia kwa sekunde 4, na umeme ukirudi humpa nafasi ya kuyarejesha maandishi karibu na pale alipoishia. Kwenye AZERTY vitufe h, j, k, l viko palepale, nukta mbili zinazoanzisha amri hupatikana bila kubonyeza Shift, ingawa nukta moja na tarakimu zinaihitaji, na mabano ya mraba ni taabu. Aliyekerwa anaweza kupanga vitufe upya mwenyewe, kwa sababu hilo nalo limeruhusiwa. Kuhusu lugha, Vim 7.0 ya mwaka 2006 ilileta ukaguzi wa tahajia, na miongoni mwa lugha zilizotengenezewa faili Kiswahili kimo, pamoja na Kinyarwanda, Kichewa na Kizulu. Unaandika :set spell spelllang=sw na maneno yaliyokosewa yanapigiwa mstari. Faili nyingi za aina hiyo zilitokana na kamusi za OpenOffice, programu ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitafsiri mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Maneno yaliyokusanywa kwa ajili ya programu moja yalihamia nyingine bila mtu kulipia tena, kwa kuwa leseni za pande zote mbili ziliruhusu. Kiswahili cha Likasi kina maneno ambayo faili hilo halina, na mwandishi wa Likasi anaweza kuyaongeza na kuyatuma bila kuomba ruhusa ya ofisi yoyote. Msimbo wa vi ya Joy, kwa masharti yake ya mwaka 1979, usingemruhusu hata kuutazama.

Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka 62. Leseni aliyoiandika ilikuwa imelifikiria hilo: inasema msimamizi akibadilika itatangazwa, na kwamba ikiwa haiwezekani kabisa kumpata msimamizi, wajibu wa kumpelekea mabadiliko unakoma. Miaka tisa kabla, mwaka 2014, wengine walikuwa wamekwisha kuichukua Vim na kuanzisha Neovim, na leseni haikuwazuia. Msimbo walioubeba ulibaki na masharti yake ya asili. Baada ya kifo chake kundi la watengenezaji, Christian Brabandt akiwa miongoni mwa walioongoza, liliendelea kutoa matoleo bila mtu kulazimika kuandika upya hata mstari mmoja. Ombi kwa ajili ya Kibaale nalo halikuondolewa, na shirika la Kanada liitwalo Kuwasha, lililokisaidia kituo hicho kwa miaka mingi, limeendelea na kazi hiyo.